Inawezekana, muulize Patricia Wright

Umeuliza kama mtu aliyeanza na kazi nyingine kabisa anaweza kuja kuwa mtaalamu wa lemuri, wale wanyama wa Madagaska wenye undugu na kima. Anaweza. Patricia Wright, Mmarekani, alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii New York. Mwaka 1968 akanunua dukani kima mdogo wa Amerika Kusini, wale wanaokesha usiku (hilo usiige, tafadhali). Kumchunguza yule kima ndiko kulikomrudisha darasani mpaka akapata shahada ya uzamivu (PhD).

Mwaka 1986, katika msitu wa Ranomafana, kusini-mashariki mwa Madagaska, yeye na wenzake wakamkuta lemuri ambaye sayansi ilikuwa bado haijamtambua: lemuri wa dhahabu mla mianzi. Anatafuna machipukizi yenye sumu ya sianidi ya kumuua mnyama wa ukubwa wake, kisha anahamia shina la pili kana kwamba hakuna kitu.

Shughuli yenyewe ilianzia hapo, maana wakata magogo walikuwa wanaufyeka ule msitu. Ikabidi abishe hodi serikalini, akae na wazee wa vijiji, atafute fedha. Hifadhi ya taifa ikazinduliwa 1991, na kituo cha utafiti cha Centre ValBio kikafuata 2003. Kwa hiyo jiandae: vikao ni vingi kuliko unavyodhani.

Mfuatilie pia mtafiti wa lemuri Jonah Ratsimbazafy wa GERP (kundi la Madagaska la utafiti wa lemuri), Mmalagasi mwenyewe. Kwa mtu wa huku kwetu, naona njia yake inafundisha zaidi.