Kadi ya grafiki ikizingua baada ya kuweka draiva, usiishie kuilaumu draiva

Wanaonunua kadi za grafiki za mtumba hunijia na lalamiko moja: "Kaka, ilikuwa inaonyesha fresh kabisa. Nimeweka draiva tu, skrini ikawa nyeusi." Wengi wanakuja wakiwa wameshahukumu kwamba draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, ndiyo imeiua. Wanapakua nyingine, na nyingine tena, mpaka bando linakata.

Kabla hujaweka draiva, Windows hutumia ile yake ya dharura, Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo inaleta picha tu. Mahesabu yote yanafanywa na prosesa, na kadi haitumwi kazi yoyote ya maana. Gari linaweza kunguruma vizuri likiwa limeegeshwa, gia boksi utaijua ukipanda mlima Kitonga. Draiva kamili ndiyo inayoamsha chipu, inapandisha kasi ya kumbukumbu na kuvuta umeme wa kweli. Ubovu uliokuwepo tangu dukani unajitokeza hapo.

Hata hivyo naanza na draiva, kwa sababu kuisafisha ni bure. Pakua draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD, pakua na DDU (programu ya kufuta draiva za zamani), weka vyote kwenye flashi. Kisha kata intaneti kabisa. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu Windows Update inaingiza draiva yake katikati ya kazi na mambo yanavurugika upya. Ingia Safe Mode, ambako Windows inawaka na vitu vya lazima tu, endesha DDU ifute mabaki yote, washa upya, weka draiva. Kama skrini ni nyeusi na huoni pa kubonyeza, zima kwa kitufe Windows inapoanza kupakia. Ukirudia mara mbili au tatu, italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo utapata njia ya kuingia Safe Mode.

Bado inagoma? Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows. Ukikuta Code 43, Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti tatizo. Tatizo gani, haisemi. Hapo ndipo naweka kipanya pembeni na kushika bisibisi.

Umeme kwanza. Kompyuta nyingi huku kwetu ni za ofisi zilizotoka Ulaya. Chukua Dell OptiPlex 7010 ile ya kusimama: pawa saplai yake ni wati 275, na haina plagi ya kadi ya grafiki. Mtu anaipachika RX 580, kadi inayokula wati 185, kwa adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski. Plagi hiyo imetengenezwa kwa wati 54 hivi kwenye laini ya volti 12. Niliwahi kuchomoa moja ikang'ang'ania. Plastiki ilikuwa imelainika, pini moja imegeuka kahawia, na harufu yake ilibaki mezani. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha draiva chungu nzima. Kwa kawaida kompyuta ikizima yote au kujiwasha upya gemu linapofunguka, nashuku umeme. Ukiona vidoadoa au mistari ya rangi hata kabla Windows haijaanza, mara nyingi ni kumbukumbu ya kadi, na hiyo haina dawa ya programu. (Wapo wanaooka kadi kwenye oveni. Mimi simo.)

Kuna kundi linaloonewa bure: RX 470, 480, 570 na 580 zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali. Sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 15, 2022, kadi nyingi za namna hii zilimwagwa sokoni. Wachimbaji walikuwa wameandika upya BIOS ya kadi, yaani programu ya msingi iliyo ndani yake, ili kumbukumbu iende mbio. Draiva ya AMD hukagua sahihi ya kidijitali ya BIOS hiyo, na ikiona imechezewa inakataa kupakia. Kadi inaonekana mbovu kumbe nzima. Baadhi zina swichi ndogo ubavuni ya kuchagua BIOS ya pili: zima kompyuta, isogeze, jaribu tena. Kama haina, rudisha BIOS ya asili ya modeli hiyohiyo na yenye kumbukumbu ileile, iwe Samsung, Hynix au Micron. Kabla ya hapo hifadhi iliyopo kwa GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, maana ukikosea unaweza kukosa hata picha.

Na zipo feki. Imeandikwa GTX 1050 Ti, ndani ni GTS 450 ya mwaka 2010 iliyobadilishwa jina kwenye BIOS. Draiva inaamini jina, inakuta chipu nyingine, mambo yanaharibika. Ukiona tundu la VGA kwenye 1050 Ti, shtuka: chipu za kizazi hicho hazitoi VGA. Matoleo ya GPU-Z tangu 2018 huandika wazi FAKE. Hii usihangaike nayo, irudishe.

Kwa hiyo muuzaji akikuwashia kadi na kukuambia "si unaona inaonyesha?", hajakuonyesha kitu. Mwambie aweke draiva mbele yako, kisha aendeshe FurMark, programu ya kuitwisha kadi mzigo mzito, dakika kumi hivi na GPU-Z ikiwa wazi pembeni uone joto na kasi. Visingizio vitakuja, kikubwa kikiwa intaneti hakuna. Mpe flashi yako yenye draiva. Akikataa na hapo, ihesabu kadi hiyo kwa bei ya spea, au nenda duka la pili.