Mkono wa Mafuta Haurudi na Klachi Ni Nzito: Nianzie Wapi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninayo pikipiki ya zamani aina ya Honda CG125 niliyoachiwa na marehemu baba yangu, ambaye aliitumia kwa miaka mingi katika kazi yake ya ubwana shamba. Injini bado ni nzima na inawaka kwa kiki moja, lakini usukani unanisumbua. Mkono wa klachi ni mzito kiasi kwamba nikifika mjini vidole vinauma. Mkono wa mafuta nikiuachia haurudi hadi niusukume, na nikikata usukani hadi mwisho upande wa kushoto, injini inapandisha mngurumo yenyewe. Kitufe cha honi nacho kinaitika kikipenda. Fundi amenishauri ninunue kabureta na pleti za klachi. Je, ni lazima? (Msomaji, Kilosa)

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuitunza pikipiki ya mzee. Kwa dalili ulizozieleza, nakusihi usinunue kabureta wala pleti kabla hujazikagua nyaya zenyewe. Pleti zilizoisha huifanya klachi iteleze, yaani injini inanguruma kwa nguvu huku pikipiki haisogei inavyostahili. Haziufanyi mkono uwe mzito. Uzito hutokana mara nyingi na waya uliokauka ndani ya ganda lake, au uliopindishwa vibaya mahali fulani njiani.

Tuanze na mkono wa mafuta, kwa sababu hilo si tatizo dogo hata kidogo: mafuta yasiyorudi yanaweza kukuingiza chini ya lori siku utakayolazimika kusimama ghafla, na kwa hiyo ninakuomba usiiendeshe pikipiki hiyo mpaka jambo hili liishe. Injini ikiwa imezimwa, zungusha mkono wa mafuta kisha uuachie, kwanza usukani ukiwa umenyooka, halafu ukiwa umekatwa hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Unapaswa kurudi kwa kishindo katika hali zote tatu. Huo mngurumo unaopanda ukikata kushoto unaonyesha kwamba waya unavutwa, ama kwa sababu umepitishwa njia isiyo yake, ama kwa sababu ni mfupi kuliko unaotakiwa. Ufuatilie kwa macho kuanzia mkononi hadi kwenye kabureta, uone kama umebanwa na tangi, na taa au na kamba iliyofungwa na fundi fulani zamani, kisha uulaze upya kwa mikunjo mipana.

Ikiwa hata usukani ukiwa umenyooka mkono haurudi, fungua skrubu za kisanduku cha swichi cha upande wa kulia na ukitoe kile kichwa kidogo kilicho mwishoni mwa waya. Sasa una vitu vitatu vya kupima kimoja kimoja. Zungusha mkono peke yake: ukikwama, vua mpira na bomba lake, safisha bomba la usukani kwa mafuta ya taa, lainisha kutu kwa msasa laini, kausha na upake grisi kidogo sana. Angalia pia kama mpira haujasogea ukawa unasuguana na kisanduku cha swichi, kosa ambalo nimeliona likiwapotezea watu siku nzima. Kisha vuta waya kwa vidole: ukivutika kwa urahisi na springi ya kabureta ikaurudisha ndani, waya na kabureta vyote ni vizima. Ukiwa mgumu, ufungue na upande wa kabureta. Waya ukiteleza vizuri ukiwa peke yake, ndipo kabureta ifunguliwe, nayo ni kwa ajili ya kusafishwa kwanza.

Kulainisha waya uliokauka ni kazi ya usiku mmoja. Toa ncha ya juu, funga mfuko mdogo wa plastiki kuzunguka ganda kwa uzi ulioubana, mimina oili nyepesi ndani yake na uuning'inize wima hadi asubuhi, oili itakapokuwa inadondoka ncha ya chini. Usitumie grisi humo, kwani haishuki na hushika vumbi. Fanya hivyo hivyo kwa waya wa klachi, lakini kwanza uchunguze karibu na kichwa chake: ukiona hata uzi mmoja umekatika, nunua mwingine. Nenda dukani na ule wa zamani mkononi mlinganishe urefu, kwa maana pikipiki nyingi zilizoigwa kutoka CG zina usukani wa upana tofauti.

Wakati waya wa klachi uko nje, fungua bolti ambayo mkono unaizunguka, isafishe na uipake grisi. Ikikazwa kupita kiasi, mkono hubanwa hata waya ukiwa mpya, kwa hiyo ikaze kiasi tu kisha uifunge kwa nati ya chini.

Marekebisho ya mwisho ni ya ulegevu. Ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya waya kuanza kuivuta klachi, na mkono wa mafuta uzunguke milimita 2 hadi 6 bila kuvuta kitu. Klachi isiyo na ulegevu kabisa huteleza na kuunguza pleti, na hapo ushauri wa fundi wako utakuwa wa kweli.

Kuhusu honi, fungua kisanduku cha swichi cha kushoto, kwarua kutu kwenye vipande vya shaba kwa msasa laini, na uhakikishe waya wake haujalegea.

Ukishamaliza, toa pikipiki nje mahali penye hewa, gia ikiwa huru, iwashe na ukate usukani polepole kushoto na kulia. Mngurumo ukibaki vilevile pande zote mbili, unaweza kupanda.