Wikipedia inaaminika kwa kiasi gani? Inategemea makala, na inategemea lugha

Mkuu, umeuliza kwa nini msimamizi wako amekata Wikipedia kwenye marejeo ya tasnifu yako, wakati kila mtu anaisoma. Nahariri Wikipedia ya Kiswahili, hasa makala za kata na wilaya za Tanzania, kwa hiyo nakujibu kwa ninayokutana nayo huko.

Uharibifu wa makusudi haunitishi sana. Ukiandika matusi kwenye makala ya rais upande wa Kiingereza, mara nyingi yanafutwa ndani ya dakika chache, tena na programu inayojiendesha. Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia na zile za ensaiklopedia ya Britannica. Wastani ulikuwa makosa kama manne kwa makala upande wa Wikipedia na matatu upande wa Britannica, ingawa Britannica walipinga vikali. Lakini mwaka huohuo makala ya John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, ilikutwa imekaa miezi minne ikimhusisha na mauaji ya Kennedy. Hakukuwa na mtu anayeifuatilia.

Na sisi wa Kiswahili wafuatiliaji ni wachache mno. Makala nyingi za kata bado zina idadi ya wakazi ya sensa ya 2012, nyingine hata ya 2002. Aliyeziandika hakudanganya, namba zilikuwa sahihi siku ile. Ila sensa ya 2022 imehesabu Watanzania 61,741,120 kutoka 44,928,923, yaani ongezeko la zaidi ya theluthi moja, na kuna kata zimegawanywa kabisa. Mwanafunzi akiibeba namba hiyo kama ya leo, utafiti wake umeharibika bila yeye kujua. Lugha ndogo zinaumia zaidi: mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti ziliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha yenyewe.

Kwa hiyo bonyeza "Fungua historia" uone makala iliguswa lini na nani. Pitia ukurasa wa majadiliano. Kisha shuka kwenye marejeo, fungua chanzo, kisome mwenyewe, na kama kweli kinasema hivyo, nukuu hicho chanzo. Kikiwa habari ya mtandaoni, linganisha tarehe. Nimekuta habari zilizonakili aya ya Wikipedia neno kwa neno, halafu mhariri mwingine akaja kuziweka kama ushahidi wa aya ileile! Hili linaniuma kuliko matusi, maana matusi kila mtu anayaona.

Msimamizi wako yuko sahihi. Hata ensaiklopedia ya kuchapishwa si chanzo cha tasnifu, ni mahali pa kuanzia kutafuta.

Na ukikuta kata ya kwenu bado ina namba za 2012, ripoti ya sensa ya 2022 ipo kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na imeshuka hadi ngazi ya kata. Bonyeza "Hariri", weka namba mpya pamoja na chanzo chake.