Kabla ya arubuni, fuata maji

Wiki hii mmeuliza: anayetaka kununua nyumba akague nini kwanza kabla ya kutoa arubuni? Wengi watajibu hati, nami hati nitaifikia. Kwa upande wa jengo lenyewe jibu langu ni maji: yanakoingia, yanakopita, yanakotokea. Paa likivuja kenchi huoza. Udongo wa chini ya msingi ukilowa hutitia, ukuta ukapasuka. Matengenezo mengi ya gharama kubwa huanzia hapo, na dalili zake huonekana na yeyote mwenye tochi, rula na saa mbili za subira.

Nenda mara mbili: mara moja mchana kweupe, mara ya pili mvua ikinyesha au imetoka kukatika.

Anzia nje. Ardhi inayozunguka nyumba inatakiwa iinamie mbali na ukuta. Mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita 3 za mwanzo, unatosha. Kisha tazama udongo umefika wapi ukutani. Uwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi. Mara nyingi nyumba ilijengwa sawasawa, halafu akaja mtu kutengeneza bustani au kumwaga zege la kuegeshea gari, udongo ukapanda juu ya ule utando wa nailoni au lami uliowekwa kwenye msingi kuzuia unyevu. Tangu siku hiyo ukuta hufyonza maji kama utambi, na hakuna rangi itakayodumu juu yake.

Ndani, usiridhike kuambiwa "ni unyevu kidogo tu". Unyevu ni wa aina tatu na kila aina ina dawa yake. Unaopanda kutoka ardhini huanzia sakafuni, ni nadra kupita mita 1 hivi, na huacha mstari wa chumvi nyeupe pale ulipoishia. Unaopenya kutoka nje au juu huonekana kama baka mahali popote, nalo hutanuka kila mvua inaponyesha. Mtafute mchawi wake kwenye gata lililoziba, kigae kilichohama au msumari wa bati uliolegea. Wa tatu ni mvuke wa ndani: madoa meusi ya kuvu kwenye pembe za chumba na nyuma ya kabati, ambayo mara nyingi huisha kwa kupitisha hewa. Wa kwanza unaweza kukulazimu kubomoa lipu ya chumba kizima, kwa hiyo ni lazima ujue upi ni upi.

Kipimo rahisi kipo. Muombe mwenye nyumba ruhusa, bandika ukutani kipande cha nailoni cha sentimita 40 kwa 40, ukizibe kwa utepe pande zote nne, ukiache siku 2. Matone yakikutwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Yakikutwa upande wa chumbani, ni mvuke. Ukiona rangi mbichi sehemu moja tu ya chumba, au kabati kubwa limesimamishwa mahali pasipo na maana, omba lisogezwe. Panda na darini pia, uzime tochi kidogo: nukta za mwanga kwenye paa ni matundu, na mbao zenye michirizi myeusi zimeshapitiwa na maji.

Nyufa huwatisha watu kuliko inavyostahili, au haziwatishi pale zinapostahili. Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 1, kwa kawaida ni lipu iliyonywea ilipokauka. Unaofika milimita 5, unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaoshuka kama ngazi kufuata viungo vya matofali, muite mhandisi. Ukiwa mpana juu kuliko chini, au kinyume chake, huenda upande mmoja wa msingi umedidimia. Chungulia ndani yake: vumbi na rangi ya zamani huonyesha ufa wa siku nyingi, kingo kali na safi huonyesha mpya. Zunguka nje uone kama umetokea upande wa pili. Fungua na kufunga milango ya ukuta huo. Ikikwaruza fremu, huenda jengo limesogea.

Mabomba sasa. Funga yote, andika namba za mita ya maji, rudi baada ya saa 1. Namba ikisogea kuna mahali panavuja. Anza kushuku tangi la choo: tia rangi kidogo ya chakula ndani yake, na ikijitokeza kwenye bakuli ndani ya dakika 15 bila kuvuta, mpira umechakaa, kazi ndogo kabisa. Choo kikiwa kizima, bomba huenda limepasuka chini ya sakafu, na hiyo si kazi ndogo. Kisha fungua chemba ya maji taka, mwenzako avute choo. Maji yapite mara moja bila kutuama. Sinki likigugumia choo kinapovutwa, huenda bomba la hewa limeziba au halikuwekwa kabisa.

Umeme mwachie fundi mwenye leseni, ila wewe mwenyewe bonyeza kitufe cha majaribio cha kile kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kisipokata papo hapo ni kibovu.

Hati usiisome kwenye nakala uliyopewa na dalali. Nenda mwenyewe, au mtume wakili, kwenye ofisi ya usajili wa ardhi: jina la mmiliki lilingane na kitambulisho, ijulikane kama kuna rehani, zuio la mahakama, mwenza au warithi ambao saini zao zinahitajika. Mpima ardhi athibitishe mipaka uwanjani, maana ukuta wa uzio si ushahidi wa mpaka.

Arubuni iandikiwe mkataba kabla ya kutolewa: kiasi, tarehe, na mambo yatakayomfanya mnunuzi arudishiwe, kama vile benki kukataa mkopo, hati kuwa na kizuizi au ripoti ya mhandisi kuonyesha kasoro ya msingi. Pesa ipite benki, kwenye akaunti ya amana ya wakili, isitolewe mkononi.

Kwa wauzaji nina neno moja. Ziba panapovuja kwanza, ukuta ukauke kabisa, ndipo upake rangi. Ukipaka juu ya unyevu itavimba na kubanduka, pengine mbele ya mnunuzi. Weka risiti za matengenezo pamoja na uzitoe bila kuombwa. Kasoro uliyoitaja mwenyewe hupunguza bei kidogo. Aliyoigundua mnunuzi humfanya atilie shaka nyumba nzima, na ana haki.

Siku ya kukabidhiana funguo, simameni wote wawili mbele ya mita za maji na umeme, mwandike namba na tarehe, mtie saini nakala mbili. Bili za nyuma zibaki kwa muuzaji.