Kushikiza Kioo Kikubwa cha Pili cha Darubini Bila Kukipinda

Kwa miezi kadhaa nilikilaumu kioo kikuu cha darubini yangu, kile cha inchi 16 kinachokaa chini na kukusanya mwanga, kwa kosa lililokuwa la kioo cha pili, yaani kile kioo bapa kinachokaa mshazari karibu na mdomo wa darubini na kuugeuzia mwanga ubavuni, kwenye lenzi ya kutazamia. Kina upana wa milimita 85, urefu wa milimita 120 na uzito wa gramu 300 hivi. Kwa kuogopa kisije kikaanguka, nilikipaka gundi ya epoksi mgongo mzima na kukibandika kwenye kipande cha alumini.

Jioni, joto la mchana likiwa bado halijaisha, nyota zilionekana vizuri. Lakini alfajiri moja ya Agosti, katika baridi ya Njombe, niliielekeza darubini kwenye Suheli, na nilipoisogeza lenzi ndani kidogo, nyota ilirefuka kama punje ya mchele iliyosimama. Nilipoivuta nje, punje ikalala. Alumini husinyaa kwa baridi takriban mara saba kuliko kioo cha borosilikati, yaani kioo kinachostahimili joto kama hiki changu, na kwa kuwa epoksi ikishakauka hainyumbuki, kioo kilikuwa kikipindwa. Kioo kidogo huweza kuvumilia kosa hilo, kikubwa hakivumilii. Nilipokibandua, ukingo wake ulimeguka kiasi cha ukucha, na bado inaniuma kuutazama.

Sasa natumia matone matatu tu ya gundi ya silikoni, yaliyopangwa pembetatu katikati ya kitovu na ukingo. Nunua silikoni isiyonuka siki, kwa sababu asidi ya ile inayonuka inaweza kuula utando wa alumini ulio usoni mwa kioo. Kati ya matone weka njiti za kiberiti ili gundi ibaki na unene wa milimita 2, kisha uzichomoe ikishakauka. Unene huo ndio unaoiwezesha silikoni kunyumbuka alumini inaposinyaa. Subiri wiki nzima. Mimi nilikining'iniza changu juu ya mto wa kulalia siku mbili zaidi, kikiangalia chini, kabla ya kuthubutu kukirudisha kwenye darubini, juu ya kioo kikuu.

Hata hivyo, ili kioo kidakwe gundi ikiachia, ongeza uzi wa mshipi wa kuvulia, uliobandikwa mgongoni kwa tone lake lenyewe na kufungwa kwenye kishikizo. Uache ulegee kidogo, kwani ukikazwa nao utakivuta kioo.