Video iliganda wakati baba anazikwa: niliyojifunza kuhusu simu za video huku Kusini

Baba alizikwa mwezi wa Agosti, saa kumi alasiri, kijijini kwetu bondeni chini ya Newala, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, upande unaoangalia Mto Ruvuma. Mdogo wangu yuko masomoni Pune, India, na nauli ya kumleta kwa haraka haikupatikana. Tukakubaliana azike pamoja nasi kwa simu. Nilinunua bando kubwa kuliko yote niliyowahi kununua, nikampa mpwa wangu simu aishike, nikaamini kazi imekwisha.

Tulipoinua jeneza kutoka uani, picha ikaanza chenga. Tulipofika makaburini ikaganda. Wakati mwili unashushwa, mdogo wangu alikuwa anatazama kiwiko cha mtu na matawi ya mkorosho, picha hiyo moja tu, na sauti inamfikia nusu nusu. Halafu ikakata. Aliporudi hewani kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akatuma ujumbe: "Dada, sikuona." Ujumbe ule ulifika papo hapo, bila kusumbua hata kidogo, na ndio ulionikosesha usingizi. Iweje maneno yapite na picha isipite, kwa simu ileile, pale pale?

Nina shemeji anayefanya kazi ya kupanda minara ya simu. Siku ya tatu, watu walipopungua, nilimkalisha chini ya mwembe nikamuuliza. Jibu lake la kwanza lilikuwa hili: "Shemeji, bando halina kosa. Bando ni mafuta kwenye tangi. Mafuta hayatengenezi barabara."

Alinieleza kwamba kamera ya simu inapiga picha nyingi kila sekunde, mara nyingi 15 hadi 30. Programu inazibana, inazikata vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti inasafiri peke yake: kwanza hadi mnarani, kisha kwa mawimbi au kwa mkongo, yaani waya wa mawasiliano, hadi Dar es Salaam, halafu chini ya bahari hadi ng'ambo. Ujumbe wa maandishi nao unakwenda kwa pakiti, lakini pakiti yake ikipotea, simu inaituma tena mpaka ifike. Ukichelewa sekunde tano, nani atajua? Mazungumzo ya ana kwa ana hayana nafasi hiyo. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linapendekeza sauti isitumie zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili ili watu wazungumze bila kukanyagana maneno. Pakiti iliyochelewa kupita kiasi haina kazi tena, hivyo programu inaiacha na kuendelea. Mapengo yanayobaki ndiyo tunayoyaita chenga.

Nilielewa. Lakini jambo lililobadilisha kabisa namna ninavyopiga video ni lile alilolisema baadaye, kuhusu kutulia kwa simu.

Picha ya kawaida ya nukta 640 kwa 480, ikipigwa mara 30 kwa sekunde, isipobanwa ingehitaji zaidi ya megabiti 100 kila sekunde. Hakuna mnara wa kijijini utakaokupa hizo. Programu inaiminya mpaka ipite kwenye nusu megabiti hivi, na ujanja wake mkubwa ni kwamba haitumi picha nzima kila mara. Inatuma moja kamili, kisha inatuma yaliyobadilika tu. Mama akikaa mkekani, nyuma yake ukuta wa udongo, kinachobadilika ni midomo, macho na mikono. Ukuta umeshatumwa, hautumwi tena. Mzigo unakuwa mwepesi.

Sasa mfikirie mpwa wangu siku ile, anatembea na simu mkononi, amebanwa na waombolezaji. Ardhi inapita, miguu inapita, kanga zinapita, na mikorosho yote inayumba kwa upepo wa kusi. Kila nukta ya picha ni mpya kila mara. Mzigo unapanda ghafla, na njia ya kupita ni nyembamba vilevile. Programu haina la kufanya isipokuwa kuichafua picha, na isipotosha, kuiacha igande. Kijana hakukosea kitu. Alishika simu kama sisi sote tunavyoishika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningeandika huu peke yake kama ningeruhusiwa mmoja: iweke simu chini. Iegemeze kwenye kinu kilichogeuzwa, kwenye debe, kwenye jiwe, popote isipotikisika. Tafuta ukuta uwe nyuma ya anayezungumza, usiweke miti inayoyumba. Na mtoe gizani. Kamera kwenye giza inazalisha punje punje zinazochezacheza, na programu inadhani nazo ni mabadiliko yanayostahili kutumwa. Nimejaribu mara nyingi kwenye chumba cha mama, chenye dirisha dogo: mlango ukifungwa chenga, mlango ukifunguliwa picha inasafika, na mtandao ni uleule.

Jambo la pili ni vijiti vya mtandao. Siku ya maziko simu ilionyesha vijiti vitatu, nami nikatulia. Shemeji akaniambia vijiti vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara, havionyeshi jinsi mnara unavyoisikia simu. Mnara una nguvu ya makumi ya wati. Simu kwenye 4G, hata ikijitahidi mpaka mwisho, inatoa takriban wati 0.2. Kwa hiyo bondeni kwetu unaweza kumwona aliyeko India vizuri kabisa, meno yote, huku yeye anakuona wewe kivuli. Mtu wa kijijini anasema "mimi nakuona vizuri" na kufikiri mwenzake ndiye mwenye mtandao mbovu. Ukijaribu mtandao, usiulize kama wewe unaona. Muulize wa upande wa pili: unanionaje? Na jaribu palepale utakapokuwa, saa ileile utakayopiga. Kujaribu asubuhi uani hakukuambii lolote kuhusu alasiri makaburini.

Ukiwa chini ya mabati, toka nje. Bati linazuia mawimbi. Kule kwetu hatua kama sitini kupanda kuelekea kilimani zinabadilisha kila kitu, na wenyeji wanajua sehemu hizo. Waulize vijana wanaokaa jioni chini ya mti fulani na simu zao, hawakuuchagua mti ule kwa kivuli tu. Waulize pia laini ipi inashika hapo, maana kampuni iliyo bora Mtwara mjini inaweza kuwa haina kitu kijijini. Na kwa walio jirani na Ruvuma: simu inaweza kukamata mnara wa Msumbiji na data ikazima bila wewe kujua. Ingia kwenye mipangilio, ondoa kuchagua mtandao kwa kujiendesha, chagua wa kwako mwenyewe.

Yapo mengine mawili yaliyotuangusha siku ile, na yote yanatokea kwenye misiba yetu kila mara.

Moja, hotispoti. Uani mpwa wangu alikuwa ameunganishwa na hotispoti ya binamu yake. Msafara ulipoondoka, binamu alibaki nyumbani na wapishi. Simu iliendelea kuing'ang'ania waifai ile iliyokuwa inafifia, mpaka ikashindwa, ndipo ikahamia data yake. Kuhama huko si jambo dogo: simu inapata anwani mpya ya intaneti, na programu inalazimika kutafuta upya njia ya kumfikia mwenzake. Sekunde kadhaa za ukimya. Ukijua utatembea, zima waifai kabla ya kupiga.

La pili ni simu za pole. Namba ile ndiyo waliyokuwa nayo ndugu wote wa Masasi, Nachingwea na Dar. Kila mmoja alipopiga kutoa pole, simu ya kawaida iliingia juu ya video, video ikasimama. Zilikuwa pole za kweli na siwalaumu. Lakini simu ya kazi kama hii iwe na laini isiyojulikana na watu.

Wenye waifai nyumbani, msidhani mmeepuka. Niliwahi kupanga chumba Mikindani, kwenye moja ya zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe, kuta nene. Ruta, kile kifaa kinachogawa waifai, ilikuwa sebuleni, mimi chumba cha nyuma. Waifai ni kipande cha mwisho tu cha safari, kati ya simu na ruta. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5 yana kasi lakini yanachoka ukutani, ya gigahezi 2.4 ni ya taratibu zaidi lakini yanapenya mbali. Kwenye chumba kile nilikuwa nachagua 2.4 na mambo yanakwenda. Na kama ruta yenyewe inatumia laini ya simu, basi nyuma yake kuna mnara uleule, wenye foleni ileile ya saa mbili usiku wakati mji mzima umekaa kuangalia video. Mimi na mdogo wangu tunazungumza saa kumi na mbili asubuhi, kwake ni saa mbili na nusu asubuhi, na tofauti ni kubwa.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Kwa kilobiti 500 kwa sekunde kila upande, dakika moja inakula takriban MB 7.5 kwenda na kurudi, kwa hiyo GB 1 inakupa saa mbili na dakika chache. WhatsApp ina sehemu ndani ya mipangilio ya hifadhi na data ya kuchagua kutumia data kidogo kwenye simu. Iwashe. Kuzima kamera ya upande mmoja kunaokoa karibu nusu ya bando, lakini hakuondoi chenga za yule anayeendelea kuonyesha. Mambo yakiharibika kabisa, zimeni kamera zote mbaki na sauti. Sauti inahitaji sehemu ndogo sana ya njia, na kumsikia mtu mpaka mwisho ni bora kuliko kumwona kwa vipande.

Kuna siku kosa si lako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Siku kama hiyo hata ukipanda juu ya mwembe hutampata mtu wa India. Tuma ujumbe, subiri.

Arobaini ya baba tuliiandaa tofauti. Shemeji alikuja na simu mbili. Ya kwanza, yenye laini mpya isiyojulikana na mtu, tuliifunga kwenye mti mrefu kando ya makaburi, juu kadiri kijana alivyoweza kupanda, ikiwa kivulini, maana simu ikichemka juani inapunguza kasi yenyewe. Tukaichomeka kwenye pawabenki na kuiwasha hotispoti. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mnara tu. Ya pili tuliiweka hali ya ndegeni, ili simu za kawaida zisiingie, kisha tukawasha waifai yake ikaunganishwa na ile ya juu. Hiyo ya pili tuliiegemeza kwenye kigoda, mita kama kumi kutoka kwenye mti, inatazama kaburi na wazee waliokaa pembeni yake. Tukaichomeka spika ndogo ili sauti yake isikike. Kaka mkubwa akasimama akawaomba vijana wote wazime data kwa nusu saa, "ili mdogo wenu amwone baba yake." Wakazima. Niliwaona wakitoa simu mifukoni mmoja mmoja.

Dua ilisomwa yote, na mdogo wangu aliitikia "amina" kwa wakati wake, pamoja na sisi, bila kuchelewa nyuma yetu. Baadaye mama alisogea akakaa mbele ya kigoda. Alimtazama mwanawe muda mrefu. Mwanzoni nilidhani picha imeganda, nikainama kuangalia. Haikuwa imeganda.

"Mbona umekonda hivyo," mama akasema. "Unakula nini huko? Hebu nionyeshe hicho chungu."

Akainuka, akaenda kumwonyesha.