Usiifanye nyeusi tupu

Umeuliza kwa nini bastola yako bandia ya mionzi, kama zile za filamu za anga, iliyochapwa kwa plastiki kwa printa ya 3D, bado inaonekana ya kuchezea hata baada ya kupuliziwa rangi nyeusi. Tatizo ni mpangilio wa rangi. Chuma kilichochakaa huonyesha rangi ya fedha chini ya weusi, kwa hiyo fedha itangulie.

Piga msasa namba 120, kisha 240 na 400, mpaka mistari ya uchapaji ipotee. Usiharakishe hapa, maana fedha huanika kila mkwaruzo. Fuatisha rangi ya msingi, halafu fedha, na uiache ikauke kabisa, hata siku nzima. Sasa dondoshea dawa ya meno kidogo kwenye kingo na pembe, pulizia nyeusi isiyong'aa, ikikauka osha kwa maji. Dawa inatoka na weusi wake, fedha inachungulia.

Lakini fikiri kwanza silaha hii iliishije. Ncha ya mtutu huchubuka kwa kuingia na kutoka kwenye ala, na kishikio hulainika pale kiganja kinapokaa. Mchubuko katikati ya ubavu, mahali pasipoguswa na kitu, huharibu kila kitu. Mimi hupenda pia kusugua unga wa risasi ya penseli juu ya weusi kwa kidole. Unapata mng'ao wa chuma halisi.

Mwisho, paka rangi ya akriliki ya kahawia iliyozimuliwa sana kwenye mifereji, kisha futa kwa kitambaa. Vanishi isiyong'aa ipake kishikio tu, kwani huua ule mng'ao.